Maji ya Mayungiyungi

Kila asubuhi kabla ya kengele, watoto wa Shule ya Msingi Ngaresho walipanga mstari mbele ya kioo na kutabasamu. Aliyeamka na furaha na aliyeamka amenuna, wote walitabasamu, maana ilikuwa lazima. Kioo kilikuwa kirefu kama mlango. Watu wa serikali walikuwa wamekifunga ukutani, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma meno. Mtoto akifunua midomo, mwanga mwembamba ulipita juu ya meno yake, kisha taa iliwaka juu ya fremu. Ilikuwa kijani kwa meno meupe na nyekundu kwa meno ya kahawia yaliyoliwa na floraidi, kama yale ambayo babu na bibi zao walikuwa nayo tangu utotoni kwa sababu ya maji ya miteremko hii ya Meru. Majibu yalikwenda Dodoma papo hapo.

Sheria ya Ujirani ilisema hivi: kampuni yoyote yenye wafanyakazi zaidi ya mia tano itabeba tatizo moja la majirani zake, tatizo ambalo majirani wenyewe wamelichagua, na leseni yake itapona au itakufa pamoja na tatizo hilo. Kampuni ya Petali, iliyolima maua juu ya kijiji, ilikuwa imepewa tatizo la maji ya Ngaresho. Na kwa miaka sita mfululizo taa ya kioo haikuwahi kuwaka nyekundu hata mara moja.

Injinia Eliakunda Kaaya, mkuu wa idara ya ujirani ya kampuni hiyo, alipenda kupita shuleni asubuhi ili aione ile kijani kwa macho yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na hakuona haya kujivunia kazi yake. Siku hiyo zilibaki siku nane kabla ya mkaguzi kufika. Kampuni ikifaulu, ingepewa muhuri wa Jirani Mwema, na isingekaguliwa tena kwa miaka mitano.

Alikuwa bado amesimama pale, anamcheka mtoto mmoja aliyetabasamu kwa kutumia vidole, simu ilipoita. Alikuwa Sista Haikael Urio, muuguzi wa zahanati.

"Injinia, uko mbali?"

"Niko shuleni hapa. Kuna nini?"

"Njoo uone miguu."

* * *

Nemburis alikuwa na umri wa miaka minane. Alikaa kwenye kitanda cha zahanati akila ndizi, miguu ikining'inia, na Eliakunda hakuona kitu mpaka Sista Haikael alipomwambia ashuke na kutembea. Magoti yalielekeana. Nyayo zilitupwa nje kidogo kila hatua, kama mtu anayepita kwenye matope.

"Unaumwa wapi, mama?" Eliakunda alimuuliza mtoto.

"Siumwi. Nachoka tu."

Sista alimrudisha kitandani, akawasha ubao wa picha. Mifupa ya miguu ilikuwa myeupe kupita kiasi, mizito, imepinda taratibu chini ya magoti.

"Huyu ni wa nne tangu mwezi wa pili," alisema. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyetazama watu machoni. "Wa kwanza nikasema lishe. Wa pili nikasema labda ni ya kurithi. Sasa nakuuliza wewe, maana maji ni ya kwako."

"Haiwezekani, Sista. Kioo kinasema..."

"Kioo kinasoma meno. Nemburis, cheka."

Mtoto alicheka, mdomo umejaa ndizi. Meno ya mbele, yale ya ukubwani, yalikuwa meupe kama maziwa.

Eliakunda alisimama akiyatazama meno yale, na polepole akaelewa alichokuwa anaonyeshwa. Jino la mbele hutengenezwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo, kabla hata halijachomoza. Likishatengenezwa, limekwisha. Kioo hakikuwa kinasoma maji ya leo. Kilisoma maji aliyokunywa Nemburis akiwa mchanga, wakati mambo yalikuwa mazuri. Kikiachwa kama kilivyo, kingeendelea kuwasha kijani miaka mingine mitatu, minne, huku mifupa ikipinda.

"Nipeleke nyumbani kwao," alisema.

Nyumba ya kina Nemburis haikuwa mbali. Mtungi wa kuchuja maji ulikuwa jikoni, karibu na jiko, chini ya paa la bati, kama ilivyokuwa mitungi karibu yote ya Ngaresho. Eliakunda aliufungua akachota mchanga kwa kijiko. Aliujua mchanga huo kama anavyoujua mkono wake. Yeye ndiye aliyeuleta. Uliitwa mchanga-hai: punje za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na ndani ya kila punje makazi ya vijidudu vilivyofugwa maabara, vinavyoinyonya floraidi na kuifungia mwilini mwao. Mchanga uliokuwa hai ulikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya udongo uliolowa mvua.

Huu ulikuwa wa kijivu. Haukuwa na harufu yoyote.

* * *

Alipima mitungi arobaini kwa siku mbili, akaenda nyumba kwa nyumba na kisanduku chake cha vipimo. Thelathini na moja ilikuwa imekufa. Tisa iliyobaki ilikuwa kwenye nyumba zenye kuta nene za udongo, au imewekwa sakafuni kwenye kona yenye kivuli. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Vijidudu vile vilivumilia joto mpaka nyuzi thelathini na tatu, na vilipotengenezwa hakuna chumba cha jikoni Ngaresho kilichokuwa kinafika huko. Lakini majira ya kiangazi ya miaka mitatu iliyopita yalikuwa yamevunja rekodi zote. Mchanga uliungua kimyakimya kwenye mitungi, maji yakaendelea kutoka yakiwa angavu, matamu, na yenye sumu ileile ya zamani.

Siku ya tatu alipanda mpaka juu ya mashamba, mahali ambapo hakuwa amefika kwa muda mrefu. Pale chini ya msitu palikuwa na chemchemi, maji ya mvua ya mlimani ambayo hayakuwahi kupita kwenye mwamba wenye floraidi. Maji safi yasiyohitaji mchanga wala mtungi. Bomba nene liliyapokea na kuyapeleka moja kwa moja kwenye vitalu.

Alijua kwa nini. Kila mtu pale Petali alijua. Kampuni ilijulikana duniani kwa mayungiyungi yake meupe, na yungiyungi halivumilii floraidi. Likinyweshwa maji ya kisima, ncha za majani huungua na kuwa kahawia ndani ya wiki mbili, na ua lenye ncha za kahawia halina mnunuzi. Kwa hiyo mpango wa tangu mwanzo ulikuwa kwamba maua yanywe chemchemi, na watu wanywe maji ya kisima kirefu yaliyosafishwa kwa mchanga. Mpango huo ulikuwa na sahihi tatu chini yake. Moja ilikuwa ya Eliakunda.

Aliketi kwenye jiwe kando ya bomba. Maji yaliguruma ndani, yakikimbilia kwa maua. Aliwaza: mchanga unakufa jikoni kwa sababu jikoni ni joto. Ungewekwa ndani ya bwawa kubwa, chini ya ardhi, kwenye ubaridi, ungeishi miaka. Mwenye uwezo wa kuchimba bwawa ni kampuni. Mwenye mafundi wa kulilinda ni kampuni. Na mwenye mmea unaopiga kelele ndani ya wiki mbili maji yakiharibika, wakati mtoto anakaa kimya miaka mitatu, ni kampuni hiyohiyo.

Alisimama akakung'uta sketi yake. Jibu lilikuwa rahisi kiasi cha kumtia aibu. Mabomba yabadilishane: chemchemi ishuke kijijini, na maji ya kisima yapitie bwawani kwenda kwa maua.

* * *

"Hapana," alisema Tumsifu Mbise.

Mkurugenzi na mwanzilishi wa Petali alikuwa mzee wa miaka sitini na mitano, aliyevaa mabuti ya shambani hata ofisini. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mezani mbele yake kulikuwa na picha ya miguu ya Nemburis na vijiko viwili vya mchanga, wa rangi ya chai na wa kijivu.

"Shikamoo yangu uliipokea vizuri, mzee, sasa hilo hapana nalipokeaje?"

"Usinitanie, Eliakunda. Sijasema watoto waumie. Nasema si wiki hii." Aliisogeza ile picha kwa kidole, taratibu, kana kwamba miguu yenyewe ilikuwa pale. "Mkaguzi anakuja baada ya siku tano. Kioo ni kijani. Tunapata muhuri, halafu kesho yake nanunua mchanga mpya kwa kijiji kizima. Kijiji kizima, unanisikia? Nipe mwezi mmoja tu."

"Utakufa tena, huo mchanga. Kiangazi kijacho."

"Basi tutabadilisha tena."

"Na nani atakukumbusha? Kioo?"

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Unanishuku."

"Wewe sikushuku hata kidogo. Lakini baada ya muhuri hakuna mtu wa kukuuliza kwa miaka mitano, na mimi nimefanya kazi miaka kumi na tisa bila mtu wa kuniuliza. Tumeyaona matokeo."

"Sasa nisikilize na mimi." Aliinuka akaenda dirishani. Chini yao mapaa ya vitalu yalimetameta, ishirini na mawili, na kati yake wafanyakazi wenye makoti ya kijani walipita na mikokoteni ya maua. "Pale pana watu mia tisa. Zaidi ya nusu wanatoka Ngaresho. Ukimwambia mkaguzi, sheria inamlazimisha kusimamisha leseni siku tisini. Ukibadilisha mabomba, mayungiyungi yanaungua mpaka hilo bwawa lako likomae. Hao mia tisa nitawaambia nini? Huyo mtoto mama yake anafanya kazi wapi?"

Eliakunda alijua. Naserian, mama yake Nemburis, alikuwa msimamizi wa kitalu namba nne. Cha mayungiyungi.

"Usiseme lolote mpaka mkaguzi aondoke," alisema Mbise. "Hilo ni agizo."

* * *

Alimkuta Naserian saa ya chakula cha mchana, ameketi kwenye sanduku la kufungia maua, bakuli la makande mapajani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyojaa chembechembe za mbolea, na miaka kumi na miwili ya kazi katika kitalu hicho.

"Karibu tule, Injinia."

"Ahsante, mama Nemburis. Sijaja kwa chakula." Akaketi kwenye sanduku la pili. Akamweleza yote: mchanga, kioo, chemchemi, agizo la mzee, na leseni itakayosimama endapo atafungua mdomo. Hakuficha kwamba sahihi yake ilikuwa kwenye mpango wa kwanza.

Naserian alisikiliza huku ameshika kijiko hewani. Aliposikia kuwa maji safi yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake, kwenye mabomba yaleyale ya kunyunyizia aliyoyafungua kila siku kwa mkono wake, alikiweka kijiko chini.

"Kwa hiyo haya maua," alisema, "nimeyanywesha mimi. Maji ya mwanangu."

"Hukujua."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

Kwa mbali mashine ya kufungasha ilikuwa inanguruma. Naserian aliyatazama mayungiyungi, safu kwa safu, meupe, yamesimama kama watu kanisani.

"Sasa unataka nikuambie nini? Niseme nenda kaseme, kazi ipotee? Au niseme nyamaza?"

"Nilikuja kukuambia kabla hujasikia kwa mwingine. Uamuzi nimeshaufanya. Nitasema."

"Kama umeshaamua, basi tuache kulia tufanye kazi." Naserian alifuta mikono kwenye koti lake. "Nani kasema lazima tupande mayungiyungi? Mnakaa huko ofisini mnahesabu ua moja tu. Waridi halijali floraidi. Mwaka ule bomba lilipopasuka, kitalu cha kumi na tisa kilikunywa maji ya kisima miezi miwili. Mayungiyungi ya pembeni yalikufa yote. Waridi la Mzee Ayo wa kitalu hicho lilichanua kama kawaida, mimi ndiye niliyelifunga. Weka waridi vitalu vya chini, msimu mmoja, miwili, mpaka bwawa likae sawa. Watu wana kazi. Vitalu vya juu acha mayungiyungi machache."

"Ya nini hayo machache, kama yataungua?"

"Ili yaungue," alisema Naserian, kama anayemweleza mtoto. "Tutajuaje kama bwawa limekubali?"

Eliakunda akatoa kalamu. Walichora vitalu vyote ishirini na viwili nyuma ya karatasi ya oda, Naserian akionyesha kwa kijiko chenye mabaki ya makande.

* * *

Mkaguzi alifika kwa gari la serikali lisilo na dereva. Aliitwa Zamda Mnyeke, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyesalimia kila mtu mpaka mpishi wa shule. Alisimama kando ya kioo watoto wakipita. Kijani, kijani, kijani. Mbise alikuwa nyuma yake amefunga mikono mgongoni. Nemburis alipita pia, akatabasamu, taa ikawaka kijani, na Zamda Mnyeke akampigia makofi.

"Safi sana. Kwa kweli, Bwana Mbise, natamani kampuni zote zingekuwa hivi."

"Bi. Mnyeke," alisema Eliakunda. "Samahani. Mwombe huyo mtoto atembee."

Mbise alimgeukia. Uso wake ulibadilika rangi.

"Atembee?" mkaguzi aliuliza.

"Mpaka kwenye mlango na kurudi. Nemburis, nenda mama."

Mtoto alitembea. Mstari mzima wa watoto ulikuwa unamtazama, walimu pia, na kulikuwa kimya kiasi kwamba nyayo zake zilisikika kwenye changarawe. Alipofika mlangoni aligeuka na kurudi, na tabasamu la mkaguzi lilikuwa limekwisha.

Eliakunda alieleza kila kitu palepale, amesimama kwenye jua. Alitoa vipimo vya mitungi arobaini na picha nne za Sista Haikael, na mwishoni akatoa ile karatasi ya oda yenye ramani ya vitalu. Mkaguzi alisoma kwa muda mrefu.

"Unajua kwamba baada ya haya siwezi kutoa muhuri. Leseni inasimama siku tisini."

"Najua."

"Na wewe, Bwana Mbise? Unakubaliana na huu mpango wa mabomba, au huyu injinia anasema kwa niaba yake mwenyewe?"

Eliakunda alitazama mbele. Alitegemea kufukuzwa kazi hapohapo, na alikuwa amekwisha kupanga jinsi atakavyokwenda kuomba kazi kwa mamlaka ya maji. Mzee aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma kama watu wa umri wake wanavyosoma.

"Hii alama ya mafuta ni ya nini?"

"Makande," alisema Eliakunda. "Ni ramani ya Naserian, wa kitalu namba nne."

"Waridi vitalu vya chini." Midomo ya mzee ilicheza. Alikuwa mkulima kabla hajawa mkurugenzi, na mpango mzuri wa shamba aliujua akiuona. "Namba kumi na saba haifai. Ina upepo. Hapo aweke kitu kingine." Kisha akamgeukia mkaguzi. "Niliagiza anyamaze. Andika hivyo, nilimwagiza mimi. Na andika kwamba chemchemi inaanza kushuka kijijini leo mchana, tusisubiri bwawa. Leseni isimame hizo siku tisini, lakini mayungiyungi yanaanza kunywa kisima leo."

* * *

Yaliungua, kama ilivyotarajiwa. Wiki ya pili ncha za majani zilianza kugeuka, wiki ya nne kitalu namba nne chote kilikuwa kama kimepitiwa na moto. Naserian alisimamia kung'olewa kwa mayungiyungi, kisha akaanza kupanda waridi. Wateja wawili wakubwa walihama. Mwezi wa pili kulikuwa na mikutano ya wafanyakazi iliyojaa maneno makali, na Eliakunda alikwenda kwenye yote, akajibu kila swali, hata yale aliyoulizwa kwa matusi. Hakuna aliyeachishwa kazi. Bwawa lilichimbwa chini ya kilima, lina kina cha mita saba, limefunikwa kwa zege na udongo, na mchanga-hai tani sitini ulimwagwa humo. Mtu akishuka ngazi zake alipokelewa na ubaridi na harufu ya mvua.

Siku ya tisini Zamda Mnyeke alirudi. Hakukitazama kioo. Alikwenda kwenye bomba la shule, akakinga maji kwenye kikombe, akayapima, kisha akayanywa mpaka chini. Leseni ilirudishwa. Muhuri hakutoa, alisema muhuri utakuja mifupa itakaposema. Sista Haikael alikuwa ameshaanza kupiga picha mpya, na miguu ya Nemburis, kwa kuwa mtoto bado anakua, ilikuwa imeacha kupinda.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya kiangazi kikali, pampu ya kupooza bwawa lililonywesha maua ilisimama. Kihisi cha joto kililia ofisini, na mahali pengine hakuna aliyejua lolote, maana kijijini watu walikuwa wanakunywa chemchemi yao kama kawaida. Sista Haikael alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati na Eliakunda, wakizungumzia ratiba ya picha, walipoona vumbi linashuka kilimani.

Alikuwa Tumsifu Mbise. Anakimbia. Miaka sitini na sita, mabuti ya shambani, shati limetoka kwenye suruali, na nyuma yake mafundi sita na vyuma vyao, na nyuma ya mafundi meneja wa mauzo ameshika viatu mkononi, wote mbio kuelekea bwawani kwa ajili ya maji yaliyopanda joto nyuzi mbili.

"Wanakwenda wapi hao?" aliuliza Sista.

"Mchanga una homa," alisema Eliakunda, huku akikunja mikono ya shati na yeye akianza kushuka.

Sista Haikael aliwatazama mpaka wakapotea kwenye migomba. Katika mitungi ya Ngaresho mchanga ulikuwa umekufa miaka mitatu, nyumba kwa nyumba, na hakuna mtu aliyetembea hata haraka. Aliingia ndani akamwita mgonjwa anayefuata.